Simu ya Bandia Mezani Oraba

Nilijifunza kupekua programu za simu kwa kutazama video, baada ya kuacha shule. Watu wa Koboko waliniletea zile walizozitilia shaka, nami nilizifungulia ndani ya simu ya bandia niliyoitengeneza kwenye kompyuta, zisimdhuru mtu. Niliamini siku moja dunia nzima itaniletea zake.

Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, anabadilisha pesa Oraba, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini. Pale bando la intaneti ni ghali, kwa hiyo mwenye programu humrushia mwenzake, simu kwa simu. Ukikataa, una choyo. Yeye alikuwa amerushiwa programu ya kuonyesha bei ya pesa za nchi jirani. Aliipenda, ila simu ilikuwa inapata moto, akaniuliza kabla hajawapa wenzake.

Kwangu ilikataa kufunguka. Ilitengenezwa kwa ajili ya chipu za simu tu, na chipu ya kompyuta yangu ilikuwa ya ukoo mwingine.

"Harakisha, mutoto yangu," mama mdogo alinipigia. "Rafiki yangu hanisalimii tena. Anasema namunyima."

Kaka yangu akanipeleka mjini Arua, tukapata kompyuta iliyotumika, chipu yake ya ukoo mmoja na simu. Nikahamisha kila kitu kwa furaha. Simu ya bandia haikuwaka. Vyombo vyangu vya kupekulia navyo vikagoma.

Kaka akacheka. "Umehama na mulango, lakini funguo iko ya nyumba ingine!"

Nikaanza upya. Kila chombo nilikitafuta kilichotengenezwa kwa chipu hii, nilichokosa nikakiacha. Simu mpya ya bandia ilipowaka, programu ya mama mdogo ikafunguka mara moja, bei zikajipanga vizuri sana. Chini yake, kwa siri, ilikuwa inasoma kila ujumbe unaoingia.

Nikabeba kompyuta mpaka Oraba. Rafiki yake mama mdogo, mwanamke wa Sudan Kusini anayeuza vitenge, alikuwa meza ya jirani.

"Sasa umeleta mutoto wa dada yako na kompyuta," akasema, "juu ya kuninyima tu?"

Nikamwomba aandike ujumbe wowote. Akaandika salamu kwa watoto wake, nami nikaziingiza kwenye simu ya bandia kama ujumbe unaoingia. Hapohapo maneno yale yakatokea upande mwingine wa kioo, yakijaribu kwenda kwa mtu tusiyemjua. Njia nilikuwa nimeiziba.

Akasoma, akasoma tena.

"Na hata meseji za pesa inasoma?"

"Zote, mama."

Mama mdogo akatoa simu yake, akaangalia bei za siku hiyo mara ya mwisho, akaifuta ile programu.

"Wewe nawe," rafiki yake akamwambia, "ungesema tu iko mubaya."

"Ningesema namna gani? Nilikuwa sijui bado."

Rafiki yake akavuta kiti, akakaa kando yake. Wakaanza kuulizana habari za nyumbani.