Rangi ya Kinyonga

Jana jirani yangu hapa Kansanga alikata mpera wake baada ya mvua, na harufu ya majani mabichi ikanirudisha utotoni, kando ya kitanda cha dada yangu.

Alikuwa mgonjwa, hawezi kuinuka. Baba alimletea kinyonga kutoka Ggaba ili asijione mpweke. Dada aliniagiza kila kitu akiwa amelala: sanduku refu la mbao, chandarua kuukuu mbele ili hewa ipite, matawi ya mpera ndani ili kinyonga apate pa kupanda.

"Hanywi kwenye bakuli," alisema. "Nyunyizia majani maji, atalamba matone."

Nililiweka sanduku nje, chini ya dirisha la dada, penye jua la asubuhi. Hakuweza kuliona, kwa hiyo kila siku nilimwambia kinyonga ana rangi gani. "Akitulia atakuwa kijani," alisema.

Siku ya nne shangazi alinivuta jikoni. "Mnyama huyo ndiye anayemmaliza dada yako. Kamtupe."

Niliogopa. Nikamwachia vichakani, ng'ambo ya uzio.

Dada sikumwambia. Kila asubuhi niliendelea kunyunyizia matawi matupu, naye akisikia maji yakidondoka aliuliza, "Leo ana rangi gani?" Nami nilibuni rangi.

Asubuhi ya mwisho, baba alipomwinua kumpeleka hospitali, alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya moto.

"Na leo?"

"Kijani," nikasema. "Kijani kabisa."

Akatabasamu. "Basi ameshazoea kwetu."