Pini za Fundi

"Usinidanganye, kaka. Puliza tena," Nyamizi alisema, akamsukumia kile kipimo cha pumzi. Kaka yake, fundi cherehani aliyepandikizwa pafu la mtu aliyefariki huko India, alikuwa amepuliza, na namba ilikuwa chini kuliko ya jana.

"Vumbi la pamba hilo," fundi alijibu, akabana pini midomoni. Siku hizi pini hazimtoki, maana mwenye pini mdomoni hadaiwi maneno marefu. Zamani mluzi wake ulirudisha ng'ombe waliokwisha fika kijiji cha Kasoli, wakarudi hata wasio wake. Sasa hatoki mtungini hadi kwenye cherehani bila kuinama njiani kufunga kamba za viatu, mabega yakipanda na kushuka. Asubuhi hiyo aliinama vilevile, naye amevaa ndala. Hapo ndipo Nyamizi alipowaka.

"Daktari alitueleza. Mwili ni zizi, pafu ni fahali mgeni, na dawa ndizo kamba za mafahali wenyeji. Namba ikishuka, ujue wamekata kamba. Ukiwahi hospitali watafungwa tena. Wewe unangoja wamtoboe mgeni tumbo?"

Fundi alitema pini zote mezani. "Nikimaliza gauni la harusi."

"Utaanza na sanda yako."

Mlango ukasukumwa, bibi harusi akaingia anacheka. "Mwangaluka, fundi. Gauni langu tayari?"

Nyamizi akampisha kaka yake ajibu. Fundi akafumbua mdomo, akaufumba, akainua kidole asubiriwe, kama mtu mwenye pini mdomoni, na pini zote ziko mezani.