Sekunde Arobaini za Kiza

Jumanne, tarehe 14 Machi. Mawingu mazito tangu asubuhi, joto la kunata, mvua haikunyesha.

Siku hiyo mhariri wa filamu aliyezoeleka kwa jina la Mkasi alifika kazini saa mbili kasoro dakika kumi, akafuta vumbi kwenye spika zote mbili, akapanga viti vitatu. Umri wake ni miaka hamsini na mbili. Jina alilipata zamani, filamu zilipokuwa zikikatwa kwa mkasi wa kweli na kuungwa kwa utepe.

Alikuwa anamalizia filamu ya machimbo ya kokoto yaliyoporomoka. Mpiga picha wa filamu hiyo alikuwa amekwenda kupiga picha za watu wakiwa kazini tu. Ukuta ukashuka mbele yake, naye akaendelea kurekodi. Mchimbaji mmoja alifukiwa hadi kifuani, akafa kamera ikimtazama. Mjane wake, fundi cherehani, alipoombwa ruhusa alisema jambo moja: "Sitaki watu wamwone akikata roho."

Mkasi alilitii neno hilo kwa namna ya watu wa kazi yake. Mahali pa kifo aliweka kiza, skrini nyeusi kwa sekunde arobaini, sauti akaiacha. Alijivunia. "Nimemsitiri," alimwambia mwongozaji wa filamu.

Saa nne mjane akaja na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Fomu ya kuridhia ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Filamu ilipaswa kuonyeshwa ukumbini Jumamosi.

Shemeji akabonyezabonyeza kiti. "Viti vyenu vinabembeleza. Mtu akisinzia hapa asilaumiwe."

"Sinzia uone," mjane akamjibu. "Nitakuacha hapahapa."

Wakatazama. Kiza kilipoingia kikasikika kikohozi, kisha mawe yakiteleza, kisha sauti ndogo ya mwanamume: "Maji... jamani, maji." Akarudia tena. Pumzi zikafuata, moja moja, mpaka zikakoma.

"Simamisha," mjane akasema. Hakuwa analia. "Kaka, nani alimpa maji?"

Kwa wiki tatu Mkasi alikuwa ameisikia sauti ile si chini ya mara mia mbili. Alishapunguza mvumo wa upepo, akakuza pumzi. Alijua "maji" ya pili inaangukia sekunde ya ishirini na saba. Swali lile hakuwahi kujiuliza.

"Sijui, dada."

"Mwenye kamera alikuwa mbali?"

"Hatua nne. Labda tano."

"Na mikono si alikuwa nayo?" shemeji akasema.

Mjane akaisukuma fomu na kalamu yake hadi upande wa pili wa meza. "Nyie mmedhani kufa huonwa kwa macho tu. Huyu nimelala naye gizani miaka kumi na moja. Namjua kwa pumzi."

Wakaondoka bila kusaini.

Mwongozaji, mama wa makamo asiyekaa kitini, alipopata habari alikuja mbio. "Fomu ya kwanza, ya kupigwa picha, marehemu alisaini mwenyewe. Inatosha. Wenye machimbo wanasema alikufa papo hapo. Sauti hiyo ndiyo inayowaumbua. Ukiitoa umewasafisha."

"Ipelekwe kwa wachunguzi basi, si ukumbini."

"Mkasi, maiti haulizwi sanda."

"Huyu hakuwa maiti, mama. Alikuwa anaomba maji."

"Kesho saa sita mchana nataka nakala yangu. Na sauti iwemo."

Aliyoyasema kuhusu wenye machimbo yalikuwa kweli, na Mkasi alijua. Alikaa mbele ya skrini mpaka muda wa kazi ukaisha. Chakula chake cha mchana alikirudisha nyumbani kama kilivyokuja.

Jumatano asubuhi aliingia saa moja. Akanakili sauti yote kwenye flashi kwa ajili ya wachunguzi, akaitia kwenye bahasha. Kisha akakitoa kipande kizima kwenye filamu. Katika daftari la kazi akaandika: "Nimetoa sekunde arobaini. Mjane hakuridhia. Nimetoa mimi." Akatia sahihi, akaliacha daftari wazi juu ya meza ya mwongozaji.

Kutoka hapo alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa mpiga picha, akagonga.

"Vaa viatu."

"Kuna nini tena, Mkasi?"

"Kuna mtu ana swali. Mimi limenishinda."

Mpiga picha akaingia ndani, akatoka na viatu.

Walimkuta mjane anapinda pindo la sketi ya shule. Akaisimamisha mashine. Mpiga picha hakungoja aulizwe.

"Nilikuwa na chupa ya maji kwenye begi, mgongoni. Sikumpa, dada."

Mkasi akaiweka bahasha mezani, akamweleza mjane kuwa ni sauti ya mumewe, ya kupelekwa kwa wachunguzi akiridhia, na akabaki amesimama hapo hadi mjane alipowaambia waende.