Aliyemkataa mwanangu mbele za watu leo anamwita "mpwa wangu"

Admin nifichie jina, ila maneno yangu yatoe kama yalivyo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, niko Morogoro, shule niliishia darasa la saba. Watoto ninao wanne na wote nawapenda, lakini huyu wa pili ndiye aliyenipa kiburi. Ni MC wa maharusi. Si MC wa kubahatisha, jamani! Akishika maiki, hata bibi aliyekuja na fimbo anaisahau kwenye kiti. Suti anazo mpaka ya zambarau. Watu wa Moro mtamjua, na mkimjua nyamazeni.

Kidato cha nne alipata sifuri, sifichi. Walimu walikuwa wananiita kila mara, eti anaongea darasani kama redio. Matokeo yalitoka wakati wa arobaini ya mama yetu, tumejaa nyumbani Matombo, ubwabwa unapakuliwa. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo nilikuwa nimemwomba kaka yangu mkubwa amsaidie mwanangu apate chuo cha ufundi. Hakunijibu pembeni. Alinyanyuka mkekani akamwita mtoto katikati ya watu.

"Wewe, umepata nini?"

Mtoto kainama.

"Sema kwa sauti wakusikie!"

"Sifuri, mjomba."

"Hawajasikia kule jikoni. Rudia!"

Akarudia. Wako waliocheka, nawajua mmoja mmoja. Kaka akamalizia, "Ukoo wetu hauna sifuri. Huyu si mpwa wangu, ni wa baba yake. Mdogo wangu, kaa na mzigo wako." Mimi nilikuwa nimeshika upawa. Mpaka leo nikipakua wali kwenye shughuli naisikia ile "rudia".

Mwanangu hakukaa kulia. Alipanda milimani Mgeta akawa anabeba matenga ya kabichi kutoka mashambani mpaka lori lilipo. Zile njia zinateleza, basi anashuka huku anapiga kelele wampishe, na kelele zenyewe vichekesho: "Pisheni, mheshimiwa kabichi anaenda Dar, nyie mnabaki!" Mzee mmoja anayeuza dawa ya panya na kunguni magulioni akamsikia, akamwambia, "Kijana, tua hiyo kabichi, mdomo wako unaharibika bure." Akampa spika ya kuning'iniza begani. Mwanangu alinadi dawa ya kunguni mpaka wasio na kunguni wakanunua! Halafu ikatokea harusi huko huko milimani, mvua imeharibu barabara, MC kakwama njiani, bibi harusi ameshaanza kulia. Mtu akasema kamwiteni yule wa kunguni. Akaja na spika yake begani na kandambili miguuni, na kabla wali haujaisha watu wakawa wanaomba namba yake. Ndipo akashuka mjini, akawabebea ma-MC wakubwa spika zao huku anajifunza, mpaka na yeye akawa mkubwa. Mimi leo napikia gesi.

Sasa sikieni. Juzi juzi kaka kaja kwangu na sukari na doti ya khanga. Anamwoza binti yake huko Kihonda, Jumamosi ya wiki ijayo.

"Mdogo wangu, mpwa wangu ndiye atakayeendesha sherehe, siyo?"

Mpwa wangu! Nikamuuliza, "Mpwa wako yupi kaka? Maana yule ulisema ni wa baba yake."

Akacheka kama nimemtania. "Yale yalikuwa malezi. Bila mimi kumkaripia angefika pale?"

Tena nimesikia Kihonda nzima anapita akisema amemlea yeye. Hata soksi hajamnunulia! Sukari niliipokea, mimi si mjinga, ila moyoni nikaapa.

Mwanangu ana desturi yake: harusi yoyote nikiwepo, kabla keki haijakatwa ananiita mbele nisalimie wageni. Basi hapo ndipo pangu. Nimeshonesha gauni la rangi ya chungwa ili kaka anione vizuri. Nitashika maiki niseme, "Kaka, simama. Waambie wakwe zako, huyu ni mpwa wako au si mpwa wako? Sema kwa sauti wakusikie." Akishajibu nitamwambia, "Hawajasikia kule jikoni. Rudia." Nataka niyaone majasho yakimshuka kwenye kola. Nikilala nacheka peke yangu.

Sasa jana mwanangu kanikuta najizoeza mbele ya kioo, mwiko mkononi ndiyo maiki. Akanisikiliza mpaka mwisho, hata tabasamu hana.

"Mama, bibi harusi hajanikosea kitu. Siku ile alikuwa mdogo, na ndiye pekee aliyenifuata migombani nilikojificha, na sahani ya wali."

Nikamuuliza, "Kwani wewe huna uchungu?"

"Ninao, mama. Na maiki nitakupa, siwezi kukunyima mbele za watu. Ila wewe ukimaliza kusema utarudi kukaa. Mimi ndiye nitakayebaki nimesimama pale katikati, tena."

Akachukua funguo zake akaondoka, kazini tu, wala hakugomba. Afadhali angegomba. Nikifikiria kazi yake na jina lake, nasema ninyamaze. Nikimfikiria kaka yangu kakaa meza ya mbele anapongezwa kwa malezi, damu inachemka upya.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Anayetaka kuniambia nisamehe kwa kuwa ni damu moja asijisumbue kuandika, damu hiyo hiyo ndiyo aliyoikana. Nataka kujua kimoja tu: nikishapewa ile maiki, niseme, au nisalimie wageni nirudi kukaa? Gauni limeshatoka kwa fundi.