Sifuri Kwenye Kompyuta ya Shangazi

Juzi nilimwona mpwa wangu akipekua mipangilio iliyofichwa ya simu ili iende mbio, nikacheka. Nilipokuwa mdogo, Msambweni, fundi aliingia kwenye mipangilio kama hiyo ya kompyuta ya shangazi, akageuza namba moja kuwa sifuri, mashine ikachangamka. Nikadhani sifuri ndiyo dawa.

Shangazi alipokwenda matangani Gazi, alinifungia ofisini kwa kufuli nilinde kadi za harusi alizoziandika humo kompyutani, bado hajazitoa kwenye karatasi. Nikaingia kwenye mipangilio ile, nikazitia namba zote sifuri, nikaizima, nikaiwasha. Skrini ikabaki nyeusi. Harufu ya vumbi la moto ilinijaa puani, na madirisha yote yalikuwa na nondo.

Kufuli likalia.

"Mwanangu, kadi ziko salama? Wenye harusi hawa, nimekuja nao."

"Salama kabisa, shangazi. Hata wewe huzipati."