Shairi Nililolisoma Siku ya Arobaini

Kabla sijazaa nilikuwa natunga mashairi kuhusu akina mama. Nilifundisha Kiswahili sekondari, na kwenye shughuli za mtaani kwetu Kariakoo wanawake waliniita niwasomee. Moja walilipenda kuliko yote: "Mwanangu wewe ni taa, machoni mwangu wawaka." Nilikuwa sijawahi kulea hata mtoto wa jirani. Nililitunga kwa kusikia.

Binti yangu alipozaliwa, mkunga alimlaza kifuani pangu, nami nikasubiri. Sikuhisi kitu. Nikajiambia ni uchovu.

Tulirudi chumbani kwetu, ghorofa ya tatu juu ya maduka ya vitenge, na mama yangu akaja kutoka Tanga kunihudumia. Alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, akamwogesha mtoto huku akimwimbia. Mimi niliketi kitandani nikisikiliza spika za wauza viatu kule chini, nikitamani kuwa yeyote kati yao. Mtoto akilia, maziwa yalichuruzika yenyewe. Mwili ulimjua. Mimi nilimwona kama mgeni ambaye hakuna aliyeniambia ataondoka lini. Mume wangu akirudi kutoka kazini Posta aliuliza, "Wazima?" Nikajibu, "Wazima."

Siku ya arobaini wanawake walijaa mpaka kwenye korido. Shangazi wa mume wangu akasema, "Mzazi, tusomee lile la taa. Leo si la kuhadithiwa tena, yamekufika mwenyewe."

Nikasimama na mtoto mikononi, nikasoma beti zote tano bila kukosea. Vigelegele vikapigwa. Shangazi alilia kweli. Nami nilijisikia kama mtu anayenadi mitumba.

Wiki iliyofuata niliandika jingine, kwenye daftari langu la maandalio ya masomo:

Mwanangu nakutazama, sikuoni kama wangu,
Wanasema mimi mama, natafuta mama yangu.

Mama alilikuta alipokuwa anapanga nguo. Alilisoma amesimama, midomo ikicheza.

"Hili umetunga wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Lichane. Mtoto akija kulikuta, utamwambia nini?"

"Nitamwambia ndivyo nilivyokuwa."

"Hayo hayasemwi, mwanangu."

Nikalichana mbele yake. Akaviokota vipande kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wa taka, akaufunga fundo. Kisha, amenipa mgongo, akasema, "Na mimi nilikuwa hivyo. Kwako wewe."

Nikamuuliza, "Mpaka lini, mama?"

Akabeba beseni la nguo akapanda juu kuanika. Hakunijibu siku ile, wala nilipomsindikiza stendi, na kwenye simu tunazungumza bei ya nazi.

Binti yangu sasa ana miaka mitatu. Zipo siku nampenda mpaka naogopa. Zipo nyingine, nyingi zaidi, namwogesha kama ninavyoosha vyombo, naye hunitazama usoni akingoja kitu. Kutunga nimeacha. Wakiniita kwenye shughuli, nasema sauti imeharibika.

Mwezi uliopita mama alikuja kututembelea. Mjukuu alimkimbilia, mama akamnyanyua, akamkumbatia amefumba macho, muda mrefu. Nilisimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi, nikijaribu kukumbuka ni lini alinishika vile. Wali ukaungua. Mama akaniambia niangalie jiko.