Nyuki wa Darasa la Tatu

Mwalimu wetu wa darasa la tatu alitoka bara, na sisi watoto wa Mambrui tulimcheka alipofika. Alivaa sweta hata jua la saa sita, na maneno mengi ya kwetu hakuyajua. Hakukasirika. Aliinua kitu akatuuliza, "Hiki nyinyi mwakiitaje?" kisha akaliandika neno kwenye kidaftari chake. Hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kuniuliza mimi jambo asilolijua. Nilimpenda kwa hilo.

Nyuma ya darasa palikuwa na mkanju mzee, yaani mkorosho, na katika tundu la shina lake walikaa nyuki. Mwalimu mkuu alikwishatukataza kuurushia mti ule mawe. Siku moja wakati wa mapumziko niliona bibo limeiva, jekundu, nikatupa jiwe. Halikupata bibo. Liliingia tunduni, nikasikia mngurumo kama wa jenereta ya mbali. Nikakimbia darasani, nikakaa, nikafungua kitabu. Sikumwambia mtu.

Kengele ikalia, wenzangu wakaingia pamoja na mwalimu, na mara nyuki wakaanza kupita madirishani.

"Laleni chini ya madawati," mwalimu akasema. Hakupaza sauti. "Funikeni nyuso. Asikimbie mtu."

Wote wakalala. Mimi miguu ilikataa. Nilisimama katikati ya darasa, nyuki wananiingia ndani ya mtandio, sauti hainitoki. Mwalimu akavua sweta, akanifunika kichwa, akaniangusha chini na kunilalia. Nilisikia moyo wake ukienda mbio mgongoni mwangu. Kila alipoumwa alishtuka kidogo, lakini hakuniachia.

Majirani walipokuja na moshi na kuwafukuza nyuki, uso wake ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani. Akapakiwa garini, akapelekwa hospitali Malindi.

Kesho yake mwalimu mkuu aliuliza gwarideni nani aliyewachokoza nyuki, nami nikatazama vidole vya miguu yangu. Adhabu niliiogopa, ila si sana. Niliwasikia wakubwa wakisema mtu aweza kufa kwa sumu ya nyuki, na kila mlango wa ofisi ulipofunguliwa nilidhani wanakuja kututangazia msiba.

Siku ya nne mama alinichukua kwenda kumshukuru. Hadi tunavuka daraja la Sabaki nilimwomba Mungu tumkute hai. Tulipofika getini nikaanza kuomba tumkute amelala, nisiulizwe kitu.

Alikuwa ameketi kitandani, jicho moja limefunguka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe hukuumia?"

Mama alipotoka kutafuta maji ya kunywa, nikamwambia, "Mwalimu, aliyetupa jiwe ni mimi."

"Najua. Nilikuwa kwenye dirisha la ofisi ya walimu nasahihisha madaftari."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka useme wewe. Na mwalimu mkuu utamwambia wewe. Nikitoka hapa tutaenda pamoja."

Kuingoja siku hiyo kulinitesa kuliko nyuki wenyewe. Aliporudi shuleni alinishika mkono hadi ofisini. Kiganja chake kilikuwa na jasho, nikafahamu kwamba na yeye alimwogopa mwalimu mkuu. Nikasema yote. Mwalimu mkuu alinitazama, akamtazama na mwalimu wangu, kisha akaniambia nitafagia darasa hadi muhula uishe.

Nilifagia. Jioni mwalimu alibaki na madaftari yake hadi nimalize, ndipo tukafunga mlango. Mwisho wa mwaka alihamishwa, akarudi kwao.

Mwaka jana, nami sasa ni mtu mzima, nilipata nambari yake ya simu. Nilipiga mara mbili, na mara zote mbili nikakata kabla hajapokea, maana niliogopa kuambiwa kwamba hayupo tena. Mara ya tatu nikaiacha iite. Alipokea mwenyewe, na tukazungumza hadi nikasikia adhana ya magharibi.